Chemshabongo za Mantiki na Jiometri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tahadhari: majibu yametolewa waziwazi. Anayetaka kupambana mwenyewe asome swali, aishie hapo, kisha achukue kalamu na karatasi ya miraba.

Nitajuaje kama nimefumbua kweli au nimebahatisha?

Ukiweza kueleza kwa nini majibu mengine yote hayafai, umefumbua. Ukiwa na jibu tu, bado.

Chukua ile ya konokono aliye chini ya kisima chenye kina cha mita 10. Mchana hupanda mita 3, usiku huteleza mita 2. Atatoka siku ya ngapi? Wengi husema siku ya 10, kwa kuwa anapata mita 1 kwa siku. Lakini baada ya siku 7 na usiku 7 yuko kwenye mita 7. Siku ya 8 anapanda mita 3, anafika ukingoni, na akishatoka hatelezi tena. Jibu ni siku ya 8. Aliyesema 10 alitoa na kujumlisha vizuri kabisa. Alichokosea ni kuhesabu usiku ambao haukumkuta konokono kisimani.

Pembe kati ya mishale ya saa inapotimu saa tatu na robo ni nyuzi ngapi?

Hapa msomaji wa Kiswahili ana mtego wa ziada. Saa tatu na robo ya kwetu, mshale mfupi unakuwa karibu na namba 9. Chemshabongo nyingi zimetafsiriwa kutoka lugha nyingine bila kulijali hilo, na jibu lililochapishwa nyuma ya kitabu ni la mshale ulio karibu na namba 3. Tukokotoe zote mbili.

Mshale wa dakika huenda nyuzi 6 kila dakika. Mshale wa saa huenda nyuzi 30 kwa saa, yaani nusu nyuzi kwa dakika. Ikiwa mshale mfupi umetoka kwenye 3 na dakika 15 zimepita, uko kwenye nyuzi 90 + 7.5 = 97.5, na ule mrefu uko kwenye 90. Pembe ni nyuzi 7.5. (Anayejibu sifuri amesahau kwamba mshale mfupi nao hutembea.) Ikiwa umetoka kwenye 9, uko kwenye 277.5, tofauti ni 187.5, na pembe ndogo ni 360 − 187.5 = 172.5.

Jumlisha 7.5 na 172.5: unapata 180 kamili. Na si kwa saa hiyo peke yake. Usomaji wa Kiswahili na ule wa Kizungu hupishana saa 6, na ndani ya saa 6 mshale mfupi huzunguka nusu duara wakati mrefu umerudi pale pale. Kwa hiyo ukijua jibu moja, toa kwenye 180 upate la pili, saa yoyote ile.

Na mishale hulaliana mara ngapi kwa siku?

Mara 22, si 24. Ndani ya saa 12 mshale mrefu huzunguka mara 12 na mfupi mara 1, kwa hiyo unaupita mara 11. Kutoka mlaliano mmoja hadi mwingine ni dakika 65 na sekunde 27 hivi. Kwa hoja hiyo hiyo, pembe mraba hutokea mara 44 kwa siku, ingawa wengi watakuapia kwamba ni 48.

Ile pembetatu ambayo ukipanga upya vipande mraba mmoja unatoweka: umeenda wapi?

Haukuenda popote, kwa sababu ile si pembetatu. Fumbo hili huhusishwa na Paul Curry, mwanamazingaombwe wa New York, mwaka 1953, na bado linawasumbua watu kwa kuwa wanaliamini jicho.

Litengeneze mwenyewe. Kwenye karatasi ya miraba kata pembetatu mraba yenye kitako 8 na kimo 3, nyingine yenye kitako 5 na kimo 2, na vipande viwili vyenye umbo la L, kimoja miraba 7 na kingine miraba 8. Mpango wa kwanza: pembetatu kubwa chini kushoto, ndogo juu kulia, na chini ya ile ndogo inabaki nafasi ya 5 kwa 3, yaani miraba 15, inayojazwa sawasawa na 7 + 8. Mpango wa pili: ndogo kushoto, kubwa juu kulia, na chini ya ile kubwa nafasi ni 8 kwa 2, yaani miraba 16. Vipande vyako bado ni 15. Tundu moja lazima libaki.

Kinachofichwa ni mwinamo. Pembetatu kubwa ina mwinamo wa 3/8, yaani 0.375, ndogo ina 2/5, yaani 0.4. Upande mrefu wa umbo zima umepinda kidogo. Katika mpango wa kwanza umebonyea ndani na eneo ni 32. Katika wa pili umetokeza nje na eneo, pamoja na tundu, ni 33. Pembetatu halisi ya 13 kwa 5 ina eneo la 32.5. Kwa miraba ya sentimita 1, kupinda huko hakufiki hata milimita 1, na wino wa kalamu nene unatosha kukuficha. Vuta uzi kutoka ncha hadi ncha utaona.

Namba 2, 3, 5, 8 na 13 hazikuokotwa. Ni za mfuatano wa Fibonacci, ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia, na sehemu zinazoundwa na namba hizo, kama 3/8 na 2/5, hukaribiana sana bila kulingana. Ndiyo maana hila ya mraba wa 8 kwa 8 (64) unaogeuka mstatili wa 5 kwa 13 (65) hutumia namba hizo hizo. Pale, mraba wa ziada ni mwanya mwembamba uliolala kwenye ulalo wa mstatili.

Kamba imezungushwa dunia nzima kwenye ikweta, kisha ikaongezwa mita 1. Itainuka kiasi gani?

Sentimita 15.9 hivi pande zote. Mzingo ni 2 × pai × nusukipenyo, kwa hiyo nyongeza ya mita 1 kwenye mzingo huongeza nusukipenyo kwa 1 ÷ 6.283. Ukubwa wa dunia haumo kwenye hesabu. Chungwa litakupa sentimita 15.9 hizo hizo.

Namba inayofuata ni ipi: 1, 2, 4, 8, 16, …?

Bila maelezo zaidi, swali hili halina jibu moja. Weka nukta kwenye duara, unganisha kila nukta na nyingine zote kwa mistari iliyonyooka, kisha hesabu vipande vya ndani, ukihakikisha mistari mitatu haikutani mahali pamoja. Nukta 1 inakupa kipande 1, nukta 2 vipande 2, kisha 4, 8, 16. Nukta 6 zinakupa 31. Anayetaka kuhakiki: idadi ni 1, jumlisha idadi ya jozi za nukta, jumlisha idadi ya makundi ya nukta nne. Kwa nukta 6 ni 1 + 15 + 15.

Picha za matunda na "asilimia ndogo tu ndiyo wanaoweza" zinazosambazwa kwenye simu mara nyingi zina kasoro hii hii: mtungaji ana kanuni moja kichwani na hakuzizuia nyingine.

Sarafu 12, moja ni bandia na uzito wake ni tofauti, sijui kama ni nzito au nyepesi. Nawezaje kuipata kwa mizani ya pande mbili nikipima mara 3 tu?

Zipe namba 1 hadi 12.

Kipimo cha kwanza: 1, 2, 3, 4 upande wa kushoto, 5, 6, 7, 8 upande wa kulia.

Mizani ikilingana, bandia iko kati ya 9 na 12, na sarafu 1 hadi 8 ni halali. Pima 9, 10, 11 dhidi ya 1, 2, 3. Zikilingana, bandia ni 12. Ipime dhidi ya 1 ujue kama ni nzito au nyepesi. Zile 9, 10, 11 zikiwa nzito, bandia ni nzito: pima 9 dhidi ya 10, iliyozama ndiyo, na zikilingana ni 11. Zikiwa nyepesi, fanya vivyo hivyo ukitafuta iliyopanda.

Kushoto kukizama, ama kuna nzito kati ya 1 na 4, ama kuna nyepesi kati ya 5 na 8. Hapa ndipo watu hukwama, kwa sababu wanaogopa kuchanganya makundi. Changanya. Pima 1, 2, 5 kushoto dhidi ya 3, 6, 9 kulia (9 ni halali).
– Kushoto kukizama: ni 1 nzito, 2 nzito, au 6 nyepesi. Pima 1 dhidi ya 2. Zikilingana ni 6.
– Kulia kukizama: ni 3 nzito au 5 nyepesi. Pima 3 dhidi ya 9. Zikilingana ni 5.
– Zikilingana: ni 4 nzito, 7 nyepesi au 8 nyepesi. Pima 7 dhidi ya 8. Iliyopanda ndiyo, zikilingana ni 4.

Kulia kukizama kwenye kipimo cha kwanza, tumia mpango huo huo ukibadilisha "nzito" na "nyepesi".

Kosa la kawaida ni kuanza na 6 dhidi ya 6. Mizani haiwezi kulingana, kwa hiyo umetupa tokeo moja kati ya matatu na umebaki na uwezekano 12. Vipimo viwili vilivyobaki vina matokeo 9 tu. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kila kipimo: vipimo vilivyobaki viwili, uwezekano usizidi 9; kimoja, usizidi 3.

Kwenye kisiwa cha wakweli na waongo, mtu anasema "Sisi wawili sote ni waongo." Nani ni nani?

Mkweli husema kweli daima, mwongo hudanganya daima. Mkweli hawezi kusema hivyo, kwa hiyo msemaji ni mwongo. Kauli yake ni uongo, na hapa ndipo penye utelezi: kinyume cha "sote ni waongo" si "sote ni wakweli" bali "angalau mmoja ni mkweli". Msemaji si yeye, basi mwenzake ndiye mkweli.

Ukiwa kwenye njia panda na mtu mmoja usiyemjua ni wa kabila gani, muulize: "Ningekuuliza kama njia hii inaenda kijijini, ungesema ndiyo?" Mwongo anadanganya kuhusu uongo wake mwenyewe, jibu linageuka mara mbili na kurudi kwenye ukweli. Ndiyo ni ndiyo, hapana ni hapana, kwa wote wawili.

Kadi nne mezani, kila moja ikiwa na herufi upande mmoja na namba upande wa pili, zinaonyesha A, K, 4 na 7. Nigeuze zipi kuhakiki kwamba "kila kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili"?

A na 7. Mwanasaikolojia Peter Wason alilianzisha jaribio hili miaka ya 1960, na wengi huchagua A na 4. Kadi ya 4 haina msaada: nyuma yake kukiwa na K, kanuni haijavunjwa, kwa kuwa haikusema lolote kuhusu konsonanti. Ya 7 ndiyo inayoweza kuivunja, endapo nyuma kuna irabu.

Ukiona ugumu, hamishia baa. Kanuni: anayekunywa bia awe na miaka 18 au zaidi. Kuna mwenye bia, mwenye soda, mwenye miaka 25, na mwenye miaka 16. Hakuna atakayehangaika na kilichomo kwenye glasi ya yule wa miaka 25. Mantiki ni ile ile.

Chui, mbuzi na majani: mtumbwi unabeba mtu na kitu kimoja, na mtu asipokuwepo chui atamla mbuzi, au mbuzi atayala majani. Ni safari ngapi?

Saba. Peleka mbuzi, rudi mtupu, peleka chui, rudi na mbuzi, peleka majani, rudi mtupu, peleka mbuzi. Ulaya ni mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Asiyelipata huwa hajafikiria kwamba ulichokwisha kuvusha unaweza kukirudisha.

Nina ndoo ya lita 5 na ya lita 3. Nipate lita 4 kamili.

Jaza ya 5, mimina kwenye ya 3, ndani ya ya 5 zinabaki 2. Mwaga ya 3, mimina humo zile 2. Jaza ya 5 tena, jazia ya 3, ambayo ina nafasi ya lita 1 tu. Kwenye ya 5 zimebaki 4. Ukipewa ndoo za lita 6 na 9 usihangaike: kila utakachopata kitagawanyika kwa 3, na 4 haigawanyiki.

Nyumba tatu ziunganishwe na maji, umeme na gesi bila mistari kukatana. Nimejaribu karatasi nzima, jibu lipo?

Halipo, na inathibitika. Una vituo 6 na mistari 9. Mchoro wowote uliounganika, usio na mistari inayokatana kwenye karatasi bapa, unatii kanuni ya mwanahisabati Euler: vituo − mistari + maeneo = 2, ukihesabu na eneo la nje. Hapa maeneo yangekuwa 5. Kila eneo linahitaji kuzungukwa na mistari isiyopungua 4, kwa sababu nyumba haiungani na nyumba wala huduma na huduma. Hiyo ni 5 × 4 = 20. Lakini kila mstari unapakana na maeneo mawili tu, kwa hiyo zipo pande 18. Hazitoshi.

Anayekuambia kuna jibu pengine amechora kwenye kikombe chenye mkono. Hapo inawezekana: mstari mmoja unapita juu ya mkono, mwingine chini yake.

Nitajuaje kama mchoro unaweza kuchorwa bila kuinua kalamu wala kurudia mstari?

Kwenye kila makutano hesabu mistari inayokutana. Makutano yenye idadi witiri yakiwa 0, anzia popote. Yakiwa 2, anzia kwenye moja umalizie kwenye lingine. Yakiwa zaidi, acha. Bahasha iliyofunguka (mstatili, milalo miwili, na kifuniko cha pembetatu juu) inachorika ukianzia kona ya chini, kwa sababu kona mbili za chini tu ndizo witiri. Ondoa kifuniko: kona zote nne zinakuwa na mistari 3, na haichoriki tena. Euler alitumia hoja hii mwaka 1736 kuonyesha kwamba madaraja saba ya Königsberg, leo Kaliningrad, hayawezi kuvukwa yote mara moja moja.

Afrika ina hazina yake katika jambo hili. Wachokwe wa Angola na maeneo jirani ya Kongo na Zambia huchora sona: kwanza safu za nukta mchangani kwa ncha za vidole, kisha mstari unaozizunguka bila kidole kuinuliwa. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, alichambua jiometri yake kwa kina. Katika aina inayofanana na ususi wa mkeka, ambapo mstari huenda kwa mshazari na kugeuka kila unapofika ukingoni, idadi ya mistari inayohitajika ni kigawo kikubwa cha shirika cha idadi ya safu mlalo na safu wima. Nukta 3 kwa 4: mstari mmoja. Nukta 4 kwa 6: miwili. Nukta 5 kwa 5: mitano. Jaribu kwenye karatasi ya miraba kabla ya kuamini.

Ubao wa drafti umekatwa kona mbili zinazotazamana kwa mshazari. Kete 31 za dhumna zitafunika miraba 62 iliyobaki?

Hapana. Kila kete hufunika mraba mweupe mmoja na mweusi mmoja. Kona hizo mbili ni za rangi moja, kwa hiyo zimebaki 32 za rangi moja na 30 za nyingine. Ukiondoa mweupe mmoja na mweusi mmoja, popote pale, inawezekana daima: chora njia inayopita miraba yote 64 na kurudi ilikoanzia, na vipande vinavyobaki kati ya matundu mawili vitakuwa na idadi shufwa.

Nitengenezeje tangramu, yaani mraba uliokatwa vipande saba vya kupangia maumbo, nyumbani?

Tumia boksi gumu au manila iliyogundishwa mara mbili. Karatasi ya daftari hujikunja na kingo hazikutani. Kata mraba wa sentimita 16. Uite ABCD, A juu kushoto, ukizunguka kama mshale wa saa.

Chora ulalo BD. Weka O katikati yake, chora AO: hizo ni pembetatu mbili kubwa. Weka E katikati ya BC na F katikati ya CD, chora EF: ECF ni pembetatu ya kati. Weka M katikati ya EF, chora OM. Weka P katikati ya OB, chora EP: upande mmoja pembetatu ndogo, upande mwingine mraba. Weka Q katikati ya OD, chora MQ: pembetatu ndogo ya pili, na msambamba. Chora yote kabla ya kukata, na ukate kwa wembe ukifuata rula ya chuma, maana mkasi hula kingo.

Mambo ya kuhakiki: pembetatu kubwa kila moja ni robo ya eneo lote, ya kati, mraba na msambamba ni 1/8 kila kimoja, ndogo ni 1/16. Usipake rangi upande mmoja tu, kwa kuwa msambamba ndicho kipande pekee ambacho kukigeuza kifudifudi kunabadilisha umbo lake, na mara nyingine utalazimika kukigeuza.

Nimetunga chemshabongo yangu. Niikague vipi kabla ya kuitoa?

Itatue kwa njia mbili tofauti. Kisha tafuta jibu la pili kwa makusudi, kana kwamba unataka kumuaibisha mtungaji. Sudoku yenye dalili chini ya 17, kwa mfano, daima huwa na majibu zaidi ya moja au haina kabisa. Hilo lilithibitishwa kwa kompyuta mwaka 2012. Kagua maneno "angalau", "hasa", "kila" na "au": je, "au" yako inaruhusu vyote viwili? Kwenye mchoro, andika wazi kama vipimo ni halisi au ni mchoro wa kukadiria. Mwisho mpe mtu asiyekujua kichwa chako ulivyo, ukae kimya anapoisoma. Akikuuliza swali kuhusu maneno, sahihisha maneno.